Mbuyu umetoka vizuri kuliko maharusi

*"Shikamoo fundi. Mjomba wangu alikuwa baharia, na aliporudi nyumbani alinipa kamera yake ndogo ya mkanda, Contax T2. Nimeshapiga mikanda mitatu. Wa kwanza ulikuwa harusi ya binamu yangu huko Kongwa. Picha za mchana ni nzuri. Za jioni, maharusi wamesimama bega kwa bega mbele ya mbuyu: mbuyu unaonekana mpaka mikunjo ya gome, wao wamekuwa kama wamefunikwa na mvuke. Wa pili nilipiga dirishani kwenye treni ya SGR nikitoka Dar, karibu zote hazina makali. Wa tatu nilinunua mkanda wa bei nafuu, kopo lake halina maandishi, nikaenda nao kwenye michoro ya mwambani ya Kolo. Picha zimepauka na zina rangi ya bluu, na michoro niliyoisogelea haieleweki. Isitoshe, naweka pete ya lenzi kwenye 2.8 ili nyuma kufifie kama ninavyoona kwa wenzangu, lakini juani kila kitu nyuma kinaonekana. Rafiki zangu wanasema kamera ya titani haiwezi kupiga picha mbaya, kwa hiyo yangu ni mbovu. Kuna mtu Dar anaitaka kwa hela ya kueleweka. Nitengeneze, niuze au nifanyeje? Ninafanya kazi Mtumba, huku Dodoma."*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujampigia simu huyo mtu wa Dar, nikuambie ninachokiona: kwa maelezo haya, kamera yako inaelekea kuwa nzima. Una matatizo matano na kila moja lina sababu yake, na hakuna hata moja kati ya hayo lililonifanya nitafute bisibisi. Kamera hii inaamua mambo mengi kimyakimya. Ukishajua inaamua kwa kutazama nini, utaacha kuilaumu, au angalau utailaumu kwa haki.

Nianze na hilo la titani maana ni fupi. Titani ni ganda. Inafanya kamera iwe nyepesi kwa uimara wake, isipate kutu, na ishikike kwa ubaridi ule unaomfanya mtu aitoe mfukoni hata pasipo na cha kupiga. Kioo cha kidirisha cha kutazamia ni yakuti ya kiwandani, jamii ya vioo vya saa za gharama, ndiyo maana baada ya miaka yote ya baharini bado hakina mikwaruzo. Vyote hivyo havigusi picha. Picha inatengenezwa na lenzi na mkanda. Lenzi hiyo, Sonnar ya milimita 38, ni nzuri kweli: ramani yake ni ya ukoo wa lenzi za kampuni ya Carl Zeiss ya Ujerumani tangu miaka ya 1930, kamera yenyewe ikaundwa Japani na kampuni ya Kyocera na kuingia sokoni mwaka 1990. Lakini lenzi nzuri iliyoelekezwa kwenye mbuyu itakupa mbuyu mzuri.

Tuje kwa maharusi, kwa sababu hapa ndipo penye somo lenyewe.

Watu wengi wanadhani kamera "inaona" uso wa mtu, kama simu zao zinavyofanya. T2 haioni uso. Haioni hata kupitia lenzi. Ukibonyeza kitufe, inatoa mwale wa infraredi kupitia kijidirisha kilichopo usoni mwake, mwanga wa aina ileile inayotumiwa na rimoti ya televisheni, usioonekana kwa macho. Mwale ule unakwenda mbele moja kwa moja, katikati kabisa ya picha, unagonga kitu na kurudi. Kijidirisha kingine pembeni kinapokea kilichorudi na kupima umerudi kwa pembe gani. Kitu cha karibu kinarudisha mwale kwa pembe kubwa, cha mbali kwa pembe ndogo. Kutokana na pembe hiyo kamera inakadiria umbali, na lenzi inasogezwa pale. Ni hesabu ya pembetatu tu, ileile ya wapima viwanja.

Sasa waweke maharusi wako bega kwa bega. Katikati yao kuna nini? Pengo. Mwale umepita kati ya bwana na bibi harusi kama mbuzi anavyopenya uzio, ukaenda kugonga mbuyu. Kamera ikaripoti kwa uaminifu: kitu kipo mita nane. Mbuyu ukapewa makali yote.

Utaniuliza, mbona za mchana zilitoka? Nafurahi uliandika hilo, maana wengi hulisahau na ndilo linalofungua fundo. Mchana wa Kongwa mwanga ni mwingi, kamera ilibana tundu la lenzi likawa dogo sana. Tundu likiwa dogo, eneo lenye makali linakuwa refu, la karibu na la mbali vyote vinaonekana vizuri, na kosa la kupima umbali linafichika. Kosa lilikuwepo mchana pia. Jua liliposhuka, kamera ikafungua tundu ili ipate mwanga, eneo la makali likawa jembamba, na kosa likaonekana. Kwa hiyo mtu akikuambia "kamera yangu inaharibika jioni", mtazame kwa huruma, kisha mwonyeshe alipoelekeza katikati ya kidirisha.

Dawa yake haina gharama. Weka alama ya katikati kwenye uso au kifua cha mmoja wao. Bonyeza kitufe nusu, ukisikia kimegota kidogo usiendelee wala usikiachie. Umbali umeshikwa. Sasa sogeza kamera upange picha unavyotaka, wote wawili ndani, kisha malizia kubonyeza. Fanya zoezi hili nyumbani bila mkanda mara hamsini, mpaka kidole kijue chenyewe. Kidole kilichozoea simu kinabonyeza kama kinaua mbu.

Dirisha la treni ni ndugu wa tatizo hilohilo. Macho yako yanavuka kioo, lakini mwale wa infraredi unaweza kugonga kioo na kurudi hapohapo. Kamera ikaambiwa kuna kitu puani, ikapanga lenzi kwa ajili ya karibu, na vilima vyote vya Kilosa na Gulwe vikayeyuka. Gurudumu la juu ya kamera linaweza kutolewa kwenye AF na kuwekwa umbali kwa mkono, mpaka ile alama ya mbali kabisa, nane iliyolala. Ukiwa ndani ya chombo chenye kioo, ndege, basi, treni, weka hapo. Zima flashi pia, maana itakupigia picha ya kioo na uso wako. Na ujue kwamba treni ile ikifika kilomita 160 kwa saa inatembea kama mita 44 kila sekunde. Kasi kubwa kuliko zote ya shata yako, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ni 1/500 ya sekunde. Kwa muda huo treni imeshasogea kama sentimita tisa. Nguzo zilizo jirani na reli hazitatulia hata ufanyeje. Piga vya mbali, ziache nguzo zipite.

Kolo ulikosea mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni umbali. T2 haioni vizuri chini ya sentimita 70. Nyoosha mkono wako mbele: kuanzia begani mpaka ncha ya vidole ni kama hapo. Kitu kikiwa ndani ya mkono, rudi nyuma. Najua ile michoro inavyovuta. Mtu ametembea mpaka kwenye mwamba, anaona vile viumbe vyekundu vyembamba vilivyochorwa na watu wa zamani mno, anataka kuvisogelea mpaka pua iguse. Lakini kidirisha unachotazamia hakipiti kwenye lenzi, kwa hiyo jicho lako litaona kila kitu kiko sawa hata pale lenzi imeshachanganyikiwa. Hiyo ni tabia ya kamera zote za aina hii, ghali na rahisi. Kwa sababu hiyohiyo kidirisha na lenzi vinatazama kutoka sehemu mbili tofauti kidogo. Kwa vitu vya karibu utajikuta umekata kichwa cha mtu ulichokiona kikiwa kizima. Acha nafasi.

La pili ni mkanda usio na maandishi, na hapa nina hasira kidogo, si kwako bali kwa anayeuza bila kueleza.

Kopo la mkanda wa kawaida lina vijimraba vyeusi na vya fedha ubavuni. Hayo si mapambo. Ndani ya kamera kuna vijipini vinavyogusa vijimraba hivyo na kusoma wepesi wa mkanda kupokea mwanga: 100, 200, 400. T2 haina sehemu ya wewe kuweka namba hiyo kwa mkono. Ikikosa vijimraba, inachukulia kwamba mkanda ni wa 100, basi. Sasa mikanda mingi inayosokotwa upya na kuuzwa kwenye makopo matupu ni mikanda ya sinema iliyokatwakatwa, na mmoja unaopendwa sana ni wa 500, uliotengenezwa kwa ajili ya taa za ndani zenye mwanga wa njano. Ukiutumia juani bila kichujio cha rangi ya chungwa, dunia inageuka bluu. Na kamera iliyodhani ni 100 imeumwagia mwanga mara tano ya ulioandikiwa. Bluu na kupauka: maelezo yako yanafanana na hali hiyo neno kwa neno.

Ukitaka kuendelea kuutumia, weka gurudumu la kurekebisha mwanga kwenye −2, na umwambie anayekusafishia kwamba ni mkanda wa sinema *kabla* hajautia kwenye dawa. Mingi ina tabaka jeusi la kaboni mgongoni. Likiingia kwenye dawa za kawaida linachafua kazi za watu wengine, na jina litakaloharibika ni lako. Mimi nakushauri uuache kwanza. Jifunze kamera kwa mkanda wenye vijimraba, kisha ucheze.

Hilo la 2.8 linaumiza hata wakongwe. Kwenye pete ya lenzi zipo namba za tundu, ndogo ikiwa ndiyo tundu kubwa: 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Mtu yeyote aliyesoma upigaji picha ataamini akiweka 2.8 tundu litafunguka lote. Kwenye T2, pale penye 2.8 ndipo penye otomatiki kamili: umeiambia kamera "chagua mwenyewe", na juani itachagua tundu dogo. Ni uamuzi wa ajabu wa wahandisi, na sijawahi kukutana na mwenye kamera hii ambaye hakudanganyika nao mwanzoni, nikiwemo mimi. Ukitaka kuamua wewe, anzia kwenye 4.

Hata hivyo usitarajie miujiza saa saba mchana Dodoma. Kwa mkanda wa 400 na jua letu lisilo na wingu, tundu la 2.8 lingehitaji shata ya kasi kuliko 1/10,000 ya sekunde. Yako inaishia 1/500. Hiyo kasi haimo ndani ya sanduku, hata ubembeleze. Nunua mkanda wa 100, subiri saa kumi na moja, mtoe mtu wako juani umsimamishe kwenye kivuli cha mwarobaini, weka 4, simama mita moja na nusu kutoka kwake, na nyuma yake pawe mbali. Nyuma kutalainika vizuri, ila hakutafutika. Milimita 38 ni lenzi ya kuona mtu na mahali alipo. Picha zile za wenzako ambazo nyuma ni supu tupu, nyingi zimepigwa kwa lenzi ndefu au zimepikwa na simu.

Hukuuliza, lakini kwa kuwa unapiga ndugu zako nitaongeza. Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia yote ni kijivu cha wastani. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, kipima mwanga kinaona ule weupe, kinapunguza mwanga, na uso unatoka kama kivuli chenye meno. Weka +1, au +1.5 kama mwanga uko nyuma yake kabisa. Mkanda wa negativu, ule wenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, unavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Miaka mingi ndugu zetu wametoka vibaya kwenye picha za harusi kwa kukosa hiyo +1 tu, na wapigaji wakasingizia mkanda.

Joto na vumbi nitavipitia haraka. Usiache kamera kwenye dashibodi ya gari, hata kwa dakika za kununua zabibu barabarani. Mkanda unapenda nyuzi joto 21 kushuka chini. Uweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na ukiutoa usubiri saa moja au mbili kabla ya kuufungua ili usitoe jasho. Kubadilisha mkanda kwenye upepo wa mwezi wa nane ni kuomba mistari: punje moja ya mchanga kwenye njia ya mkanda itachora picha zote 36 kutoka mwanzo hadi mwisho. Ingia ndani. Betri ni CR123A ya volti 3, unaweza kuipata kwa wauza tochi kubwa na vifaa vya kengele za ulinzi. Zile za kuchaji zinazofanana nayo ziache. Baadhi zikijaa zinapita volti 4, na saketi ya kamera hii haina wa kuifufua kirahisi.

Ukitaka kusafisha mikanda mwenyewe, anza na ile ya nyeusi na nyeupe. Dawa zake nyingi zinaandikiwa nyuzi 20, na maji ya simtank ya juu ya bati yanakuwa moto kuliko hapo, basi tia barafu ndani ya mfuko wa plastiki na uutumbukize kwenye ndoo, pima kwa kipimajoto, usikadirie kwa kidole. Rangi inataka nyuzi karibu 38 bila kuyumba, hiyo ni hatua ya baadaye.

Sasa niuze au nisiuze. Hapa nitasema ukweli ambao wenye kamera hizi hawapendi kuusikia. Bei yake ya leo haitokani na picha peke yake. Mwaka 2017 mwanamitindo Kendall Jenner alionekana nayo kwenye kipindi cha televisheni Marekani, vijana wa dunia nzima wakaitaka, na kwa kuwa Kyocera walitangaza kuachana na biashara ya kamera mwaka 2005, hakuna mpya inayotengenezwa. Unalipia urembo, uchache na jina. Ukipiga juani kwa tundu la 8 ukalinganisha na Olympus mju II ya plastiki, kamera ya mwaka 1997, wengi mezani hawatajua ipi ni ipi. Na mju ikinyeshewa kidogo haiogopi.

Isitoshe T2 ni mashine ya umeme. Siku utepe wa nyaya unaoifuata lenzi ikiingia na kutoka utakapokatika, au saketi kuu ikifa, fundi hatakuwa na kipuri ila anyofoe kwenye kamera nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Mtu anayetaka kamera ya kumdumu maisha namwelekeza kwenye Pentax K1000 au Nikon FM, vyuma vinavyofungua shata hata bila betri. Ni kubwa, ni nzito, na hazitakaa kwenye mkoba wa kwenda nao ofisini Mtumba. Hapo ndipo T2 inaposhinda: ipo pale ulipo, inapiga kwa sauti ndogo, na watu hawakunji sura wakiiona.

Kwa hiyo kama hela ya huyo mtu ingekutatulia jambo zito, ada au kiwanja, uza bila kujilaumu, na mjomba ataelewa. Kama si hivyo, usiiuze kwa sababu ya mikanda mitatu uliyopiga bila kuijua. Yangu niliiuza kwa sababu kama hiyo. Sitaki kulizungumza.

Ila kuna dalili zikitokea usijifundishe mwenyewe, niletee mkononi. Lenzi ikitoka kwa kusuasua au ikirudi nusu. Mkanda ukijirudisha kabla haujaisha. Betri mpya ikiisha ndani ya mkanda mmoja au miwili. Upande mmoja wa picha kukosa makali *kila mara*, hata ukiwa kwenye alama ya mbali na juani. Michirizi ya mwanga pembezoni. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi ukiimulika kwa tochi, yaani kuvu. Kwa ukavu wa Dodoma si rahisi, lakini kamera hii imelala baharini. Na tafadhali, usiifungue mwenyewe hata video ikuonyeshe ni skrubu nne. Flashi ina kapasita inayohifadhi umeme wa karibu volti 300, unaweza kubaki humo hata betri ikiwa nje. Ulishanirusha mara moja mpaka kwenye makabati, na mimi ndiye fundi.

Kabla ya kuja, piga mkanda mmoja wa majaribio, wa 100 au 200 wenye vijimraba. Daftari mkononi: namba ya picha, umbali, namba ya kwenye pete, ulielekeza katikati wapi. Piga mtu kwa mita moja, mbili, tatu na tano, kila umbali mara mbili: mara moja umemshika kwa nusu kitufe, mara moja umeacha kamera iamue. Malizia na kilima cha Mlimwa ukiwa mbali, gurudumu likiwa kwenye nane iliyolala. Ukija, uje na negativu zenyewe pamoja na daftari, na zile za harusi pia. Picha ulizotumiwa kwenye simu zimeshapitia mikono na programu za watu. Negativu ndiyo nitakayoitazama kwa lenzi ya mkononi, nianze na huo mbuyu.